Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: klabu yetu ya filamu, Tandika

Haya ni maswali tunayoulizwa kila mara, mengine getini, mengine kwenye grupu la wasap saa sita usiku watu wamelala. Tumeyaweka hapa ili mtu ajisomee. Kama lako halipo njoo uliulize, ila ukiuliza "leo mnaweka ya nani?" utaonyeshwa ubao, maana ubao upo pale pale mlangoni tangu Jumatatu.

## Mambo ya kuanzia

Hii klabu ni kitu gani hasa?

Ni watu wa mtaani tunaokutana Jumamosi mbili kwa mwezi, ya kwanza na ya tatu, kwenye uwanja wa nyuma ya karakana ya seremala hapa Tandika. Tunaangalia filamu moja, alafu tunakaa kuizungumzia. Basi. Nyingi ni za Afrika, yaani Senegal, Mali, Burkina Faso, Misri, Kongo, Kenya na za hapa hapa kwetu, na zinazobaki zinatoka India, Irani, Japani, Italia na kwingineko. Hatuna ofisi, hatuna mfadhili, tuna projekta moja iliyotumika, spika mbili na mikeka.

Sasa tofauti yenu na kibanda umiza ni ipi?

Kwanza tuwekane sawa, hapa hakuna anayekidharau kibanda umiza. Wengi wetu tumekulia humo, unatoa hela yako unabanwa kwenye benchi, jasho linakutoka, na Lufufu anakutafsiria muvi ya Kichina mpaka unasahau kama yule jamaa kwenye skrini hajui hata Kiswahili. Shule yetu ya kwanza ya sinema ni ile.

Tofauti ni mbili. Sisi hatuweki mpira, hata iwe fainali. Na picha ikiisha hatufukuzani ili waingie wengine, ndio kwanza mazungumzo yanaanza. Kuna siku filamu ilikuwa ya dakika ishirini na mazungumzo yakaenda saa mbili nzima, seremala akaja kutuzimia taa.

Kwanini mnang'ang'ania filamu za Afrika? Si Bongo Movie zipo kwenye TV kila siku?

Zipo, na tunazipenda. Ila jiulize, umewahi kuona filamu ya Mali? Ya Burkina Faso? Ya Algeria? Algeria walichukua Palme d'Or mwaka 1975, tuzo kubwa kabisa ya tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa, na mpaka leo hapa mtaani ukimwambia mtu anadhani unamtania. Mtu wa Paris ni rahisi kuona filamu ya Senegal kuliko mtu wa Temeke, na hata kuliko watu wengi wa Senegal wenyewe.

Sababu sio uchawi. Filamu nyingi za zamani za Afrika Magharibi zilitengenezwa kwa hela na maabara za Ufaransa, kwaiyo mikanda yenyewe ilibaki huko huko. Wasambazaji wa huku walikuwa wanaleta kinachojaza ukumbi, mapigano na mapenzi ya Kihindi, na huwezi kuwalaumu sana. Mikanda mingine ikaoza. Filamu ya Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal ilitoka 1973, ikaja kusafishwa upya 2008 na mfuko wa Martin Scorsese, muongozaji wa Marekani, kwa kutumia maabara ya Bologna, Italia. Mwaka 2017 ukaanzishwa mradi wa kuokoa filamu 50 za Afrika, wakiwemo chama cha watengeneza filamu wa Afrika na UNESCO. Bila kazi kama hizo tungekuwa tunasimuliana tu kwamba hapo zamani palikuwa na filamu.

Na hizo za Irani na Japani zinatuhusu nini?

Hili swali linaulizwagwa na vijana, wazee hawaulizi kabisa. Mzee mmoja memba wetu, fundi saa wa zamani, aliona Awaara ya Raj Kapoor mjini akiwa kijana na mpaka leo anaimba ule wimbo wake mwanzo mpaka mwisho na Kihindi hajui neno. Dar hii ilikuwa na majumba ya sinema, Avalon, Empire, Odeon, Empress, New Chox. Kuanzia 1966 kulikuwa na Drive-in kule Msasani, watu wanaingia na gari, na wasio na gari wanakaa chini mbele, pale ambapo leo ni ubalozi wa Marekani. Watu walivaa, walipaka mafuta, walikwenda "kuona picha" kama wanaoenda harusini.

Kwaiyo sio kwamba sisi ndio tumegundua dunia. Mji huu ulikuwa unaangalia dunia nzima kabla sijazaliwa, tumepotezea njiani tu.

Kujiunga ni shilingi ngapi?

Kuja kuangalia ni buku mtu mzima, watoto bure, na ambaye hana siku hiyo aingie tu asijifiche nyuma ya mbao. Memba anatoa elfu tano kwa mwezi na ndio anapata kura ya kuchagua filamu. Hiyo buku inaenda wapi, tumeeleza kwenye sehemu ya haki na vibali.

## Filamu zenyewe

Nani anachagua?

Memba, kwa maharage. Kila miezi mitatu tunaweka makopo, kila kopo lina jina la filamu na maelezo kidogo, memba anapewa maharage matatu anatupia anapotaka. Tulijaribu kupiga kura kwa wasap ikawa vurugu, mtu anapiga kura na simu ya mke wake na ya mtoto.

Ziko sheria mbili maharage hayawezi kuzivunja. Hatuweki filamu mbili za majonzi kwa kufuatana, hii tulijifunza kwa machozi. Na katika kila filamu sita angalau moja iwe imeongozwa na mwanamke.

Sijawahi kuangalia hizi vitu. Nianze na ipi?

Anza na Borom Sarret ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1963. Ni fupi, kama dakika ishirini, nyeusi na nyeupe. Jamaa wa Dakar ana mkokoteni wa farasi, anabeba abiria na mizigo kutwa nzima na mwisho wa siku hana kitu. Mchana anakubali kumpeleka mteja mmoja mpaka uzunguni, kule mikokoteni hairuhusiwi. Askari anamsimamisha. Medali yake ya vita inaanguka chini, askari anaikanyaga na buti. Mkokoteni unachukuliwa, abiria kashaondoka zake.

Usiku tulioionyesha kulikuwa na bodaboda wanne wamekaa juu ya pikipiki zao kule nyuma, hawajalipa, walisimama tu kupoteza mda. Ile buti ilipokanyaga medali mmoja akasema kwa sauti, "Huyo ni mimi nikikatiza mjini." Watu wakacheka alafu kicheko kikakatika chenyewe. Mwezi uliofuata walikuja nane na buku zao mkononi.

Huyu Sembène alikuwa mpakua mizigo bandarini Marseille, akawa mwandishi wa vitabu, alafu ukubwani, anakaribia miaka arobaini, akaenda kusomea filamu Moscow kwasababu aliona watu wake wengi hawasomi vitabu. Sinema alikuwa anaiita shule ya jioni. Ukishaipenda hiyo fupi panda kwa La Noire de... ya 1966, msichana wa Dakar anayepelekwa Ufaransa kulea watoto na akifika anageuzwa mtumwa wa jikoni. Hiyo kwetu haikuhitaji maelezo. Mama mmoja ambaye binti yake yuko Oman kwenye kazi za ndani alikaa kimya picha nzima, na wakati wa mazungumzo akasema kitu kimoja tu, kwamba akifika nyumbani atapiga simu.

Mbona zinaenda taratibu hivyo? Nililala.

Hujakosea, na kulala sio kosa ilimradi hukoromi. Ila hebu zisikilize kwa masikio mengine. Kwenye Yaaba ya Idrissa Ouédraogo ya 1989, kamera inakaa mbali inamuangalia mtoto anavuka uwanda, anakuja, anakuja, mpaka unaanza kuona namna anavyotembea. Ukiwa umezoea muvi inayokata kila sekunde mbili utasema hapa pana kasoro. Bibi yangu akikusimulia hadithi naye alikuwa ananyamaza katikati anachochea moto, na hakuna aliyemwambia aharakishe.

Na hiyo Yaaba ni ya watoto wawili wanaofanya urafiki na kikongwe ambaye kijiji kizima kinamuita mchawi. Waliotoka Kanda ya Ziwa walipoiona walianza kuongelea mabibi wa kwao wenye macho mekundu, mekundu kwasababu ya moshi wa kupikia na sio kingine, na yaliyowapata. Hapo hakuna aliyelala.

Ukweli ni kwamba ziko pia ambazo ni taratibu na zinachosha tu. Hatukatai.

Steringi anakufaga?

Mara nyingi ndio. Pole. Tumeulizwa hili sana kiasi kwamba siku hizi ubaoni pembeni ya jina la filamu kuna mtu anachora uso unaocheka au unaolia.

Mnaonyesha za Kitanzania?

Ndio, na ndio zinazojaza. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi, watu walikaa mpaka juu ya magogo. Waliosoma kile kitabu shuleni walikuja wamejiandaa kubishana, "mbona hiki wamekitoa," na wakabishana kweli. Kabla yake iko Arusi ya Mariamu ya 1985, fupi tu, na Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ya 2001, iliyopelekwa kuwania Oscar kwa niaba ya nchi, na ikapita miaka ishirini hivi mpaka Vuta N'Kuvute ikapelekwa nayo.

Bongo Movie pia tunaweka. Kila mwezi wa nne tunaweka moja ya Kanumba, aliyefariki 7 Aprili 2012. Wapo memba wanaosema hizo sio za klabu ya filamu. Mimi nasema ukitaka kujua sinema inafanya nini kwa mtu, angalia ukumbi unavyonyamaza uso wa Kanumba ukitokea.

## Lugha

Filamu ni ya Kiwolof, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na mimi Kiingereza sijui. Nije kufanya nini?

Njoo. Karibu filamu zote tunazoonyesha tunaziwekea maandishi ya Kiswahili sisi wenyewe, baada ya kuruhusiwa na wenye filamu. Wako memba watatu, mmoja mwalimu wa Kifaransa, wanakaa na laptop wiki mbili kabla. Filamu ya saa moja na nusu inaweza kuwa na mistari mia nane mpaka elfu, na kila mmoja lazima utokee sawa na mdomo unapofunguka na uondoke kabla ya mwingine.

Kiswahili kina raha na tabu yake hapo. Raha ni kwamba "sitakuambia" ni neno moja tu, Kiingereza kinataka manne, nafasi inabaki. Tabu ni pale Kiingereza kinaposema mwanamke anampenda mwanaume, kwa maneno matatu madogo kila mtu kaelewa nani ni nani, sisi tunabaki na "anampenda". Nani? Anampenda nani? Chumba kina watu wanne. Inabidi urudishe majina, na ukirudisha majina mstari unakuwa mrefu mpaka unamfunika mtu kidevu. Kuna mstari mmoja wa Touki Bouki tuliubishania siku tatu.

Na asiyejua kusoma, au macho hayaoni vizuri usiku?

Tunaye msimuliaji. Anakaa upande wa kushoto na maiki ndogo na spika yake pekee imeelekezwa kwenye mikeka ya upande ule, kwaiyo ukitaka kusimuliwa kaa kushoto, ukitaka utulivu kaa kulia. Mpangilio huu ulizaliwa na ugomvi, hatukuupanga.

Msimuliaji wetu alianzia vibandani, kwaiyo haachi. Sheria tuliyompa ni asiongeze neno. Ila kwenye Hyènes ya Mambéty, pale yule bibi tajiri anaporudi kijijini kwao na kusema atawapa utajiri wote wakimuua mwanaume aliyemkana ujanani, jamaa alikaa kimya kidogo alafu akasema taratibu kwenye maiki, "Haya sasa, wanakijiji." Neno hilo kwenye filamu halipo. Tulimpiga faini ya soda, alafu tukampigia makofi.

## Siku yenyewe

Inaanza saa ngapi kweli, sio saa ya tangazo?

Saa moja na nusu usiku, na ni saa moja na nusu kweli. Kabla ya hapo anga bado lina mwanga na ukutani huoni kitu. Milango inafunguliwa saa kumi na mbili na nusu, ukiwahi unapata mkeka. Mazungumzo yanaisha saa nne, dala dala za Mbagala na Kariakoo bado zinapita.

Mwezi wa Ramadhani tunaanza saa tatu na nusu baada ya tarawehe, na tunachagua filamu fupi ili watu wawahi kulala kabla ya daku.

Mvua ikinyesha?

Masika yote tunahamia ndani ya karakana. Kunanukia mninga na varnishi, unakaa juu ya kitanda cha mteja ambacho hakijalipiwa, na mabati yakipigwa na mvua kubwa hausikii chochote, hapo yale maandishi ya chini ndio yanatuokoa. Ndani tunaingia watu kama arobaini, baada ya hapo ni samahani.

Umeme ukikata?

Tunasubiri dakika ishirini. Ukirudi tunaendelea, usiporudi tunawasha jenereta kama ina mafuta. Isipokuwa na mafuta, kuna siku moja msimuliaji aliimalizia filamu kwa mdomo, gizani, na watu wakakaa. Buku hairudishwi.

Nije na watoto?

Njoo nao, ila angalia alama ubaoni. Filamu ikiwa ya wakubwa tunaandika na getini tunazuia kweli, hata mtoto akiwa wa memba. Mara nne kwa mwaka kunakuwa na usiku wao. Iliyowashika kuliko zote ni La Petite vendeuse de Soleil, ya Mambéty huyo huyo, aliyefariki 1998 kabla haijaanza kuonyeshwa. Ni dakika arobaini na tano tu. Binti mdogo wa Dakar anatembelea magongo na anaamua kuuza magazeti, kazi ya watoto wa kiume, maana alichokifanya mvulana na msichana anaweza. Wavulana wanamsukuma, gongo moja wanalichukua wanakimbia nalo. Watoto wetu walisimama wote wakaanza kumpigia kelele mwizi wa gongo, kwa Kiswahili, kana kwamba atarudi.

Mwanamke akija peke yake kuna usalama?

Tunajua kwanini linaulizwa. Kuna kinamama wawili wa kamati kila Jumamosi, wanakaa karibu na geti, na wanaorudi upande wa Yombo au wa Mtoni hutoka pamoja. Mtu akikusumbua waambie hapo hapo. Tumeshafungia watu wawili na hatukuwarudisha.

Simu je?

Kurekodi filamu hapana kabisa. Kupokea simu toka nje. Kuwasha tochi kutafuta kandambili, subiri iishe.

## Haki, vibali na hela

Si mnadownload tu kama watu wote?

Hapana, na hii ndio sehemu inayotula mda kuliko zote. Kuonyesha filamu mbele ya watu ni haki ya mwenye filamu, uwe unatoza au hutozi. Kwaiyo tunamtafuta, mara nyingi ni msambazaji wa Ulaya, wakati mwingine muongozaji mwenyewe, tunaandika barua pepe tunaeleza sisi ni nani, tuko wangapi, tunakaa kwenye mikeka. Wengine wanatutajia bei ambayo ingelipa kodi ya karakana mwaka mzima. Wengine wakisikia Temeke wanapunguza. Kuna muongozaji wa Kenya alitupa bure akasema tumlipe kwa kumtumia video ya mazungumzo, na mpaka leo ndio malipo yaliyotuumiza kichwa zaidi, watu walikuwa wanaongea wote kwa pamoja.

Upande wa serikali, filamu ya kuonyeshwa hadharani inapita Bodi ya Filamu, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na wao ndio wanaotoa daraja la umri. Mambo ya hakimiliki yako COSOTA. Ukitaka kuanza klabu nenda kawaulize mapema, usisubiri wiki ya onyesho.

Nina akaunti ya Netflix, si tuunganishe tu kwenye projekta?

Akaunti ile ni ya nyumbani kwako na familia yako. Ziko filamu chache za makala za Netflix wenyewe wanazoruhusu kuonyeshwa kwa ajili ya elimu, na zimeandikwa hivyo kwenye ukurasa wake, ila hutakiwi kutoza kiingilio wala kuchangisha. Sisi tulifanya mara moja, geti likawa wazi bila buku. Nje ya hizo, hapana.

Hakuna za bure kabisa?

Zipo za bubu za zamani ambazo haki zake zimeisha, kama The General ya Buster Keaton ya 1926. Hizo hazina maneno ya kusemwa, ni maandishi machache tu katikati ya picha, kwaiyo tabu ya kutafsiri ni ndogo. Tulimuita kijana wa ngoma na mzee mmoja wa akodioni, treni ikikimbia na ngoma inakimbia, watu walicheka mpaka mlinzi wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Ukitaka kuanza bila hela anzia hapo.

Buku yetu inaenda wapi?

Haki za filamu kwanza. Alafu luku, mafuta ya jenereta, akiba ya taa ya projekta. Hesabu inabandikwa mlangoni kila mwezi. Hatulipani posho, msimuliaji anapata nauli na soda.

## Nataka kuanzisha kwetu

Nahitaji vifaa gani?

Vichache kuliko unavyofikiri. Projekta ya lumeni elfu tatu inatosha kwa ukuta wa mita tatu gizani. Spika ni muhimu kuliko projekta, hii hakuna atakayeniamini mpaka yamkute, watu watavumilia picha hafifu ila wasiposikia wanaondoka. Laptop, waya wa HDMI na wa akiba, extension ndefu.

Skrini yetu ya kwanza ilikuwa mashuka mawili yaliyoungwa na fundi cherehani, na ule mshono ulipita katikati, kila mtu aliyesogelea kamera alikuwa na mstari kwenye pua. Pakeni ukuta chokaa au rangi nyeupe isiyong'aa, yatosha.

Usikodi projekta siku hiyo hiyo. Tulikodi duka moja mjini, ikazima dakika ya hamsini, mwenye duka hakupokea simu, na watu sitini walikuwa wanatuangalia sisi badala ya ukuta. Ijaribu siku moja kabla, na kwa mda wa filamu nzima.

Mazungumzo yanaendeshwaje? Kwetu watu watanyamaza.

Usiulize "mmejifunza nini", utaua ukumbi. Uliza kitu kidogo: kwanini hakufungua ule mlango? Wewe ungempa ile hela? Anza na aliyekaa nyuma kabisa, maana wa mbele wataongea tu. Na msomi mmoja asipewe maiki zaidi ya dakika tatu, hata akiwa ni mimi.

## Maswali ya pembeni

Mnaonyesha filamu zilizopigwa marufuku?

Iliyokatazwa hapa hatuonyeshi, tuna karakana ya mtu ya kulinda. Kuizungumzia ni jambo lingine. Tumewahi kukaa jioni nzima tukaongelea Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuingia Cannes, iliyopigwa marufuku kwao 2018 alafu mahakama ikairuhusu siku saba tu. Na Darwin's Nightmare, ile ya sangara wa Mwanza, ambayo Rais Kikwete aliilaumu hadharani mwaka 2006. Waliotokea Mwanza wana maneno kuhusu ile filamu, na sio wote upande mmoja.

Nimetengeneza filamu yangu fupi kwa simu. Mtaiweka?

Kama haizidi dakika kumi na tano tunaweka kabla ya filamu kubwa. Ulete wiki mbili kabla tuisikilize sauti. Ujue watakuambia ukweli ukiwa umekaa hapo hapo, na mama yako pia atakuwepo.

Mnaweza kunirushia kwenye flashi niangalie nyumbani?

Soma juu, kwenye kudownload. Jibu ni lile lile, hata kwa shemeji.

Nilisahau kandambili / mwavuli / sufuria ya karanga.

Viko kwenye boksi chini ya meza ya randa. Kandambili ziko kumi na moja, nyingi za kushoto.